Namba ya Siri ni Ufunguo

Siku hizi mvuvi wa Mbamba Bay anaweza kununua nyavu za Songea kwa simu. Mkulima wa kahawa wa Mbinga naye ananunua mbolea hivyo hivyo. Jambo hili ni jema. Lakini wezi nao wamo humo humo.

Wengi wetu tulizoea kumpa wakala simu, tukamtajia na namba ya siri. Tuache. Sasa tunajua kusoma, basi tufanye hivi:

1. Bonyeza namba ya siri mwenyewe. Usimtajie mtu yeyote, hata akisema ni wa kampuni ya simu.

2. Kabla ya kulipa, simu huonyesha jina la anayelipwa. Lisome. Kama silo la muuzaji, acha.

3. Ukiletewa ujumbe, "Ile hela tuma kwenye namba hii," usitume. Upeleke namba 15040.

4. Laini husajiliwa kwa kitambulisho cha Taifa na alama za vidole. Piga *106# uone laini zenye jina lako. Kama ipo usiyoijua, nenda kwa kampuni yake ifungwe. Mwizi akiitumia, wewe ndiwe utakayeulizwa.

Swali: Nani mwingine anajua namba yako ya siri? Ibadilishe leo.