Kabla Hujaibofya Hiyo Programu

Umepewa programu kwenye flashi na unaihitaji leo. Sawa. Ila usiibofye kwanza.

Anza na jina lake. Windows huficha herufi za mwisho za majina ya faili, na hapo ndipo wengi wanapigwa. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, bofya View, kisha Show, washa File name extensions. Ile "mtihani.pdf" uliyotumiwa ikijitokeza kuwa "mtihani.pdf.exe", hakuna mtihani hapo. Futa.

Ukirudi kutoka kuprinti ukakuta folda zote za flashi zimegeuka shortcut, zina kamshale kwenye kona, usiguse hata moja. Kirusi kinasubiri ubofye. Faili zako kwa kawaida zipo, zimefichwa tu. Skani flashi kwa antivirasi, kisha fungua Command Prompt uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E weka herufi ya flashi yako). Zikishaonekana, zile shortcut zifute.

Programu yenyewe ipeleke kwenye tovuti ya VirusTotal. Itapitiwa na antivirasi nyingi kwa mpigo, bure. Mkataba au hati zako binafsi usipandishe huko, maana wengine wanaweza kuziona. Na jibu safi lisikulevye: kirusi kipya huweza kupita.

Kwa hiyo ijaribie pembeni. Kama una Windows Pro, tafuta "Turn Windows features on or off", weka tiki kwenye Windows Sandbox, uwashe kompyuta upya. Utapata Windows ndogo ndani ya Windows. Nakili programu, ibandike humo, ifanye fujo zake. Ukifunga dirisha, kila kitu kinafutika. Windows Home haina kitu hiki. Badala yake tumia programu ya VirtualBox, kazi yake ni kubwa kidogo lakini inalipa.

Programu iliyochakachuliwa ikikuambia "zima antivirasi kwanza", imeshajitambulisha. Mimi nilitii mara moja. Wikendi nzima ikaishia kwenye kuweka Windows upya. Kama shida yako ni kuandika barua na kupiga hesabu tu, LibreOffice ni ya bure na halali.

Nakili picha na kazi zako kwenye diski ya nje. Ukimaliza, ichomoe, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa hufunga hata diski vinayoikuta imechomekwa.