Uombe Udaktari Mwaka Huu au Usubiri? Hatua za Kuamua kwa Mhitimu wa PCB, Bweranyange

Mwongozo huu ni wa mhitimu wa Kidato cha Sita wa Bweranyange, au wa kata nyingine yoyote ya Karagwe na Kyerwa, aliyesoma tahasusi ya PCB: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Una kazi moja tu, kukupa mwaka wa kuomba udaktari. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Hatua ya 6 inatumia namba utakayoipata hatua ya 5, kwa hiyo anayeruka atakwama.

Vifaa: daftari moja, kalamu, bahasha ngumu ya A4, flashi moja, na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako.

Maneno manne ya kujua kwanza. MD ni shahada ya kwanza ya udaktari wa binadamu, miaka 5 darasani na wodini, ikifuatiwa na mwaka 1 wa utarajali hospitalini. Kitabu cha TCU ni mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Dirisha ni kipindi ambacho vyuo hupokea maombi. Prinsipo ni ufaulu wa gredi A hadi E katika somo la Kidato cha Sita. Gredi S ni sabsidiari, na sabsidiari si prinsipo.

Kama una shangazi au binamu Marekani, msikilize kwa heshima, lakini usiupange mwaka wako kwa ushauri wake. Kule kijana husoma kwanza shahada nyingine ya miaka 4, hufanya mtihani wa kuingilia uitwao MCAT, ndipo huomba udaktari. Ndiyo maana huulizana kama waombe mwaka wa tatu wa chuo au wapumzike kwanza. Tanzania MD huombwa moja kwa moja baada ya Kidato cha Sita. Hapa suala la wakati huamuliwa na matokeo, makaratasi na fedha, kwa mfuatano huo.

1. Chora kalenda ya Mei hadi Novemba.
Tumia ukurasa mmoja wa daftari, mstari mmoja kwa kila mwezi. Jaza hivi: Mei, mtihani wa Kidato cha Sita. Mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, kuripoti kambini kwa walioitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Juni, dirisha la mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), ambalo miaka ya karibuni limefunguliwa kabla ya matokeo kutoka. Julai, matokeo ya NECTA, na baada yake dirisha la kwanza la vyuo. Julai hiyohiyo, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wanaotaka kurudia mtihani mwaka unaofuata. Oktoba au Novemba, vyuo kufunguliwa. Tarehe kamili za mwaka wako zichukue kwenye matangazo ya TCU, HESLB na NECTA yenyewe, usizipokee kwenye kundi la WhatsApp.
*Ukaguzi:* weka alama ya mduara kwenye Julai. Mambo matatu yanaangukia mwezi huo, na huenda wewe uko kambini. Kila kisichohitaji matokeo kiishe kabla ya Juni; ombi la mkopo (hatua ya 8) litume dirisha lake likifunguliwa.

2. Linganisha majina yako, herufi kwa herufi.
Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha Kidato cha Nne na kitambulisho cha NIDA au namba yake. Nakili jina kamili kutoka kila karatasi, moja chini ya jingine. Huku kwetu kosa hujificha kwenye tahajia: Kyaruzi wa cheti cha shule amekuwa Kiaruzi kwenye cheti cha kuzaliwa, au jina la ubatizo limo huku na kule halimo. Mfumo wa kompyuta unawaona hao kuwa watu wawili.
Tofauti ikiwapo, anza kuirekebisha siku hiyohiyo. Cheti cha kuzaliwa hushughulikiwa na RITA kupitia ofisi ya wilaya. Penye ulazima wa hati ya kiapo ya majina, nenda kwa wakili. Asiye na cheti cha kuzaliwa kabisa aanze na hilo kabla ya jambo lingine lolote katika ukurasa huu.
Kisha omba uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, kwa sababu HESLB haipokei cheti ambacho hakijahakikiwa.
*Ukaguzi:* majina yote yasomeke sawa, na namba ya uhakiki iwe imeandikwa daftarini.

3. Fungua barua pepe na laini ya simu zitakazotumika kwa maombi tu.
Fungua mwenyewe. Wengi hujaziwa fomu kwenye steshenari Kayanga au Omurushaka, na mwenye steshenari, kwa kutaka kuharakisha, huweka barua pepe yake na nywila anayoijua yeye. Wiki sita baadaye namba ya siri ya kuthibitisha udahili inatumwa kwa mtu ambaye hakukumbuki. Mlipe kwa kuchapa na kuskani. Anwani ziwe zako.
Ukienda JKT, teua msaidizi mmoja: kaka, dada au mwalimu mwenye simu inayokaa na chaji. Mwachie laini hiyo na nakala za karatasi zote kwenye flashi. Laini isitumike kukopa wala isiazimwe.
*Ukaguzi:* mwambie msaidizi afungue barua pepe ukiwa umesimama pembeni, bila kumsaidia. Akishindwa, rudia maelezo hadi aweze.

4. Omba siku chache za kuangalia kazi hospitalini.
Hatua hii chuo hakiidai, na haiongezi pointi. Nimeiweka kwa ajili yako. Andika barua kwa mganga mfawidhi wa kituo kilicho karibu, au Hospitali ya Nyakahanga, ukiomba kuangalia tu. Ukikataliwa, endelea hatua ya 5.

5. Kokotoa pointi zako matokeo yakitoka.
Tumia jedwali hili la TCU: A = 5, B = 4, C = 3, D = 2, E = 1, S = 0.5. Hesabu Fizikia, Kemia na Baiolojia pekee. Masomo mengine hayahesabiwi, hata kama ulipata A.
Mfano wa kwanza: Kemia B, Baiolojia C, Fizikia D. Hesabu: 4 + 3 + 2 = 9.
Mfano wa pili: Kemia B, Baiolojia B, Fizikia E. Hesabu: 4 + 4 + 1 = 9.
Jumla ni ileile, lakini wanafunzi hawa hawako sawa, na hatua ya 6 itaonyesha kwa nini. Kwa hiyo andika vitu viwili, kila kimoja kwenye mstari wake: jumla ya pointi, na gredi ya kila somo.
*Ukaguzi:* mtu mwingine akokotoe upya kutoka kwenye ukurasa wa NECTA, bila kuangalia daftari lako.

6. Linganisha namba zako na mstari wa kozi katika kitabu cha TCU.
Kuna vitabu viwili kila mwaka: kimoja cha wahitimu wa Kidato cha Sita, kingine cha wenye stashahada. Pakua cha kwanza, cha mwaka huohuo. Cha mwaka jana kifute kwenye simu ili usije ukakichanganya.
Tafuta mstari wa MD katika vyuo angalau vinne. Vilivyopo ni pamoja na CUHAS ya Bugando, Mwanza, ambayo kwa mtu wa Kagera ndiyo ya karibu, MUHAS, Dar es Salaam, KCMC, Moshi, Chuo Kikuu cha Dodoma, Kairuki, Dar es Salaam, na chuo cha afya cha Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Kwa kila chuo nakili vitu vitano: namba ya kozi, masharti ya masomo, pointi za chini, idadi ya nafasi, na muda wa kozi.
Sasa uliza maswali mawili, kwa mfuatano huu. Je, kila somo limefikia gredi inayodaiwa? Je, jumla imefikia pointi za chini? Mwanafunzi wa mfano wa pili ana pointi 9, lakini chuo kikidai angalau D ya Fizikia, anatoka hapohapo. Hakuna pointi ya Kemia inayoweza kuhamishiwa Fizikia.
Elewa pia kwamba kutimiza masharti hukupa haki ya kushindana tu. Waliotimiza wakizidi nafasi, chuo huchukua wenye pointi za juu. Ndiyo sababu ya kunakili idadi ya nafasi.
*Ukaguzi:* kila chuo kiwe na neno moja pembeni: NDIYO au HAPANA. Neno "labda" haliruhusiwi.

7. Chagua njia moja kati ya tatu.
*Njia A, kuomba mwaka huu.* Chukua njia hii ukiwa na NDIYO hata moja. Usisubiri mwaka mmoja ati "ujiandae zaidi". Hakuna mtihani wa kuingilia unaojiandalia, matokeo hayatapanda yenyewe, na Bodi ya Mikopo nayo ina saa yake. Miongozo yake ya miaka ya karibuni imetaka mwombaji asizidi umri wa miaka 35 na awe amemaliza masomo ya sifa ya kujiunga ndani ya miaka 5.
*Njia B, kurudia mtihani.* Chukua njia hii kama una HAPANA zote na kilichokuangusha ni somo moja. Jisajili mtahiniwa wa kujitegemea mara tu unapoona matokeo, maana usajili uko wazi wakati huohuo na anayechelewa hulipa faini. Kabla ya kulipa, pata uhakika wa mambo mawili: kituo kina maabara ya mtihani wa vitendo, na chuo unachokitaka kinapokea matokeo ya mikao miwili. Hilo la pili liulize kwa barua pepe ili ubaki na jibu la maandishi.
*Njia C, stashahada ya utabibu.* Chukua njia hii kama masomo mawili au zaidi yameanguka. Kozi ni miaka 3, chini ya NACTVET. Baadaye utaomba MD kwa kitabu cha TCU cha wenye stashahada, ambacho kimekuwa kikitaka GPA ya 3.0 au zaidi, pamoja na angalau D za Kidato cha Nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Angalia cheti chako cha Kidato cha Nne leo. Mwenye F ya Hisabati airekebishe akiwa anasoma stashahada, asingoje hadi amalize. Utahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, inayoitwa AVN.

Hesabu ya miaka, kwa anayeanza 2026: Njia A, MD hadi 2031, utarajali hadi 2032. Njia B, utarajali hadi 2033. Njia C, stashahada hadi 2029, MD hadi 2034, utarajali hadi 2035. Njia C inaonekana ndefu kwenye karatasi, lakini ndiyo pekee inayokupa taaluma na uwezekano wa mshahara katikati ya safari, na wodini tabibu aliyefanya kazi huwa hafundishwi jinsi ya kumsikiliza mgonjwa.

Njia ambayo siipendekezi ni ile ya kujiunga na kozi yoyote kwa matumaini ya kuhamia MD ukiwa ndani. Kuhama kunadai masharti yaleyale ya MD pamoja na nafasi iliyo wazi. Ulikuwa na HAPANA Julai, utakuwa nayo Novemba.

8. Hesabu fedha kabla ya kutuma.
Andika safu mbili. Kushoto: ada ya mwaka wa kwanza ya kila chuo chenye NDIYO, nauli, malazi, na chakula cha wiki za kwanza, kwa kuwa fedha za mkopo zinaweza kukuta umeshafika chuoni. Kulia: fedha zilizopo mkononi. Mkopo usiuandike kulia kabla ya kupangiwa. Ada ya vyuo binafsi huzidi kwa mbali ile ya vyuo vya serikali, hivyo usiweke chuo binafsi kwenye maombi bila kuonyesha safu hizi kwa mzazi.
Mavuno ya kahawa yanaangukia miezi hii, na malipo hupitia chama cha msingi. Keti na mzee mkubaliane kiasi cha shule kabla hakijapata kazi nyingine. Butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado changa mtini, isiingie safu ya kulia: imepigwa marufuku, na mnunuzi wa butura hulipa sehemu tu ya thamani halisi.
Ombi la HESLB litume ndani ya dirisha lake bila kungoja udahili. Fomu inahitaji sahihi ya serikali ya kijiji, ya mdhamini, na ya hakimu au wakili. Panga siku moja kwa kijiji na nyingine kwa wakili.
*Ukaguzi:* pengo kati ya safu mbili liwe na jina la mtu atakayeliziba.

9. Tuma maombi katika dirisha la kwanza.
Omba moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo, ukianza na chenye ushindani mkubwa. MD hujaa mapema. Dirisha la pili mara nyingi hukuta mabaki ya kozi nyingine. Ingiza namba ya mtihani kwa muundo wake kamili, pamoja na mwaka.
*Ukaguzi:* piga picha ya ukurasa wa mwisho wenye neno la kupokelewa na namba ya malipo. Bila picha, hesabu kwamba hujaomba.

10. Thibitisha chuo kimoja.
Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri kwa simu au barua pepe, na lazima athibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Asiyethibitisha hupoteza nafasi. Msaidizi afungue barua pepe asubuhi na jioni tangu siku majina yanapotoka.
Jina lisipoonekana popote, pakua orodha ya kozi zenye nafasi kwa dirisha la pili, rudi hatua ya 6, na wakati huohuo angalia kama usajili wa NECTA bado uko wazi.