Mvua Inakuja New Site: Vidokezo 6 vya Kuipokea Ukiwa Umejipanga

Wenzetu wa Mombasa na Dar wana upepo wa bahari. Sisi wa New Site, hapa Juba, tuna vumbi, mabati ya moto na digrii 38 za mchana. Usikate tamaa! Kwa kawaida Machi huipa Juba milimita 40 hivi za mvua, kisha Aprili hupita 100. Wiki hizi za katikati ndizo za kujipanga, na kazi nyingi hazimalizi hata nusu saa.

1. Mtangulie jua
Fua, chota maji, beba mizigo kabla ya saa nne asubuhi. Tangu Juba irudishe saa nyuma mwaka 2021, saa sita mchana ni saa sita kweli: mwanzoni mwa Aprili jua husimama utosini na kivuli chako hujificha chini ya miguu. Si mzaha, Februari 2025 shule zilifungwa wiki 2 baada ya wanafunzi kuzimia kwa joto. Mtoto aende na chupa ya maji, hata akisema hana kiu.

2. Soma utabiri bila kudanganyika
ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha jumuiya ya kikanda ya IGAD kilichoko Ngong, Kenya, hutoa mwelekeo wa mvua za Machi hadi Mei. Ukiona "asilimia 45, juu ya wastani", usikimbilie gambuti. Hayo ni makadirio ya msimu mzima kwa eneo pana, si ya kesho uani kwako. Ya kesho, tazama utabiri wa siku. Na upepo wenye vumbi ukivuma ghafla, anua nguo mbio!

3. Yasake matundu mchana
Jua likiwa kali, ingia ndani, funga mlango na madirisha, tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tone la Aprili kitandani mwako. Tia alama kwa chaki, mwite fundi sasa. Mvua ikishanyesha, mtaa mzima utakuwa unampigia simu.

4. Funga gata, pumzisha mfuko
Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi paa la mita 5 kwa 6, likipata milimita 20, linakupa lita 600: mapipa 3 ambayo hulipii lori la maji! Acha dakika za kwanza zioshe vumbi, ndipo ukinge. Ya kufulia tumia hivyo hivyo. Ya kunywa yachemshe.

5. Zibua mtaro na jirani
Maji hayaulizi mpaka wa kiwanja. Chupa za plastiki zilizoziba mtaro wa jirani zitakuletea mafuriko wewe. Jumamosi moja, majembe mawili, chai ya pamoja, kazi imekwisha.

6. Mnyime mbu nyumba
Kwenye joto letu, mbu hutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10 hivi. Ukimwaga maji ya matairi na makopo kila wiki, umemkatiza safari. Funika mapipa, na chandarua kilichotoboka kishonwe leo.

Orodha ni ndefu? Anza na namba 3 mchana huu huu. Inataka macho tu na kipande cha chaki!