Wenzi Wawili Wavukapo Mpaka: Mikasa ya Matembezi na Namna ya Kuikabili

Mwananchi wa Nkwenda anayetamani kuona nchi ya kigeni hana haja ya kupanda ndege. Ukivuka Mto Kagera pale Murongo umekwisha kuingia Kikagati, Uganda. Upande wa Ngara, daraja la Rusumo humfikisha msafiri Rwanda. Na Missenyi ipo Mutukula. Baada ya malipo ya kahawa, wapo wenzi, vijana waliooana karibuni na wazee wenye wajukuu, wanaofunga safari ya siku tatu au nne kwenda kuona chanzo cha Mto Nile kule Jinja, wanyama wa Ziwa Mburo au mji wa Kigali. Ukaribu huo ndio uliotufanya tuandike somo hili. Aendaye mbali hujiandaa. Aendaye kwa jirani huondoka kana kwamba anakwenda gulioni.

Kwa Mtanzania, Kitambulisho cha Taifa peke yake si hati ya safari. Inatakiwa pasipoti, au hati ya dharura ya safari itolewayo na Idara ya Uhamiaji, na kila mmoja wa wenzi awe na yake. Wapo wanaovuka kwa mtumbwi na njia za panya kwa kuwa ndugu zao wako ng'ambo ya mto. Msafiri wa namna hiyo akiibiwa au akidhulumiwa huogopa kwenda polisi, kwa maana swali la kwanza litakuwa aliingiaje. Dai lolote la mtumbiaji aliye ugenini huwa na nguvu pale tu ambapo muhuri wa kuingia umegongwa.

Kuna kadi mbili ambazo watu huzichanganya kwa sababu ya rangi. Moja ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Basi asiwepo mtu wa kukudai pesa za kuchanjwa upya ati kwa sababu chako ni cha zamani. Ya pili ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari linalovuka mpaka. Mwenye gari lake asidhani kwamba kadi ya hospitali itamsaidia akigonga gari la mtu Mbarara.

Sasa tuje kwenye mkasa ulio mzito kuliko yote. Tuchukulie mfano wa mume na mke walioko Kampala, kwenye kituo cha mabasi. Mume amebeba begi moja. Ndani yake mna pasipoti zote mbili, fedha zote, na simu yenye akiba ya safari. Begi linaibwa. Kwa dakika moja watu wawili wamekuwa bila jina, bila nauli na bila njia ya kuwaarifu watoto nyumbani.

Jambo la kwanza ni kuifunga laini ya simu, kabla hata ya kwenda polisi, kwa sababu mwizi hasubiri. Namba fupi ya huduma kwa wateja inayotumika nyumbani huenda isipatikane ukiwa nchi nyingine. Kwa hiyo namba ndefu ya kampuni iandikwe kwenye karatasi kabla ya safari, pamoja na namba ya ndugu mmoja wa Nkwenda anayeweza kupeleka taarifa kwenye duka la kampuni hiyo. Kisha nendeni polisi mkapewe taarifa ya upotevu kwa maandishi. Taarifa hiyo ndiyo itakayopokewa Ubalozi wa Tanzania, na Tanzania ina ubalozi Kampala na Kigali pia, ili msaidiwe kupata hati ya kurudia nyumbani. Nakala za pasipoti hufupisha sana kazi hiyo. Ubalozi hautoi nauli kama haki; fedha ya kurudi itatoka kwenu au kwa ndugu zenu.

Mkasa huo ungekuwa mdogo kama begi lisingekuwa moja. Kila mmoja abebe pasipoti yake, nakala ya pasipoti ya mwenzake, na nusu ya fedha. Tumewahi kusikia ikisemwa kwamba mke kushika nusu ya fedha ni dalili ya kutoaminiana. Sisi tunaona kinyume chake: mwenzi aliyeachwa bila shilingi katika mji wa kigeni hana namna ya kumsaidia aliyeibiwa.

Rwanda ina mambo yake. Saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ukiondoka Rusumo saa saba mchana kwa saa ya Kigali, upande wa Tanzania ni saa nane tayari, na gari la kukurudisha Karagwe limeondoka. Tena karibu na mpaka simu mbili za wenzi zinaweza kushika mitandao ya nchi mbili na kuonyesha saa mbili tofauti. Ugomvi wa nani kachelewesha nani huanzia hapo. Magari hupita upande wa kulia wa barabara. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku huko tangu 2008. Na pikipiki ya Kigali hubeba abiria mmoja tu, mwenye kofia ngumu, hivyo mume na mke watapanda pikipiki mbili, na mbili hizo zaweza kupita njia tofauti. Kila mmoja awe na jina la nyumba ya wageni kwenye karatasi. Anayezungumza Kinyambo ataelewana na watu wa Mbarara bila shida. Kigali asitegemee hivyo, ingawa Kiswahili kimekuwa lugha rasmi huko tangu 2017.

Fedha zibadilishwe kwenye duka lenye leseni. Kijana wa mpakani mwenye bunda mkononi hana risiti, na noti akishazikunja zikahesabiwa kwa haraka, hakuna wa kushitakiwa.

Kuhusu ugonjwa, kadi ya bima ya afya ya nyumbani hutegemea vituo vilivyo na mkataba nchini. Bima ya safari inunuliwe kwa kampuni iliyosajiliwa na TIRA, na mkataba usomwe mahali panapotaja ni baada ya muda gani kampuni iarifiwe. Mgonjwa akizidiwa, namba 112 hupokewa Uganda na Rwanda kama kwetu.

Mkirudi nyumbani mkiwa mmedhulumiwa, angalieni kwanza nani aliuza huduma na aliiuzia wapi. Safari iliyouzwa na wakala wa hapa kwa maelezo ya uongo huangukia kwenye Sheria ya Ushindani ya 2003, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Basi lenye leseni ya Tanzania hushughulikiwa na LATRA. Nyumba ya wageni ya Mbarara iliyokataa kurudisha malipo ya awali hudaiwa huko huko, kwa barua, kabla ya kuondoka mjini. Katika hali zote hizo karatasi hutakiwa, na risiti huwa na jina la aliyelipa. Wakati wa kulipa, ombeni iandikwe majina yenu yote mawili, ili yeyote kati yenu atakayepata nafasi ya kwenda Bukoba aweze kulifuatilia dai bila kuambiwa arudi na mwenzake.