Karanga na Ngozi Yake

Katika nchi za mbali, kama Hispania, wapishi hutumia sana lozi. Punje ya lozi ina ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia. Mpishi akitaka chakula cheupe, huzitia lozi katika maji ya moto kwa muda wa dakika moja, kisha huziminya, na ngozi huvuka. Asipotaka weupe, huziacha na ngozi zake.

Mlozi si mti wa Bukoba wala wa Muleba. Huko wanawake wa Kihaya tangu zamani hulima njugu mawe katika rweya, yaani nchi ya majani iliyo nje ya vibanja vya migomba. Karanga nazo hulimwa. Punje ya karanga pia ina ngozi yake.

Ngozi hiyo ina kazi. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na mafuta yakipigwa na hewa huchacha upesi. Ngozi huyakinga. Kwa hiyo karanga huwekwa na ngozi zake, nazo humenywa siku ya kupikwa. Hukaangwa kwa moto mdogo, hufikichwa kwa mikono, kisha hupepetwa katika ungo. Za kutwangwa na kuungia ndizi, wengi huzitoa ngozi ili mchuzi uwe laini. Za kutafuna huachwa nazo.

Tena ngozi ni shahidi. Ngozi nzima isiyo na madoa ni dalili njema. Punje iliyonyauka, au yenye madoa au ukungu, yapasa kutupwa. Bukoba ni nchi ya mvua nyingi, na karanga zisipokaushwa vema huota kuvu. Kuvu wengine hufanya sumu iitwayo sumukuvu, nayo huharibu ini. Moto wa jikoni hauiondoi yote.

Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga zenye sumu hiyo. Basi karanga mbovu hazifai hata kwa kuku, na zifukiwe.

Methali husema, “Mchagua nazi hupata koroma.” Lakini mchagua karanga hupata uzima.

MASWALI
1. Ngozi ya karanga ina kazi gani?
2. Kwa nini karanga za Bukoba zahitaji kukaushwa sana?
3. Kwa nini kuku wasipewe karanga mbovu?