SOMO LA AFYA: Kwa nini malaria haimshiki kila mtu sawa?



Tunapopita nyumba kwa nyumba, sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunasikia maneno mawili mara kwa mara. La kwanza: "Watoto wa ukoo wetu hawashikwi na malaria, chandarua tumekiuza." La pili: "Mtoto wa jirani anaugua kila mwezi, huyo amelogwa." Maneno yote mawili ni hatari. Mzizi wake ni mmoja, nao uko ndani ya damu.

Damu ya AA, AS na SS

Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna himoglobini, ambayo hubeba oksijeni mwilini. Kila mmoja wetu amerithi maagizo mawili ya kuitengeneza, moja la baba na moja la mama. Agizo la kawaida huitwa A, na lililobadilika huitwa S.

- AA: himoglobini ya kawaida.
- AS: umebeba S moja. Kwa kawaida si mgonjwa, na unaweza kuzeeka bila kujua.
- SS: huu ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Chembe hujipinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kufa mapema. Mtoto hupata maumivu makali ya mifupa, macho ya manjano na upungufu wa damu.

AS inahusianaje na malaria?

Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza matokeo ya vipimo vya watoto 290 wa Kiganda wa maeneo yanayozunguka Kampala. Kati ya watoto 247 wasio na S, 113 walikuwa na vimelea vya malaria, yaani karibu 46 kwa kila 100. Kati ya 43 waliobeba S, ni 12 tu, yaani 28 kwa kila 100. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walieleza kwamba AS hupunguza malaria ya kawaida kwa nusu, na malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Sababu ni hii. Kimelea cha malaria hukua ndani ya chembe nyekundu. Kikiingia katika chembe ya mtu wa AS, hakikui vizuri. Chembe hiyo hujipinda mapema, na bandama huiondoa pamoja na kimelea chake. Pia haigandi sana kwenye mishipa ya ubongo.

Kwa hiyo, penye malaria nyingi, watoto wa AS walipona zaidi, wakakua, wakazaa. Ndiyo maana mwaka 1949 S ilionekana kwa watu 45 kwa kila 100 miongoni mwa Baamba wa Bundibugyo, chini ya milima ya Ruwenzori. Mwaka 2014 na 2015 walipimwa watoto wachanga zaidi ya 97,000 Uganda nzima: 13 kwa kila 100 walikuwa AS, na 7 kwa kila 1,000 walikuwa SS. Hakuna uchawi hapo.

Angalia! AS si chandarua

Soma tena hesabu ya Allison. Watoto 12 wenye S walikuwa na vimelea. Kinga hiyo ni ya nusu, tena huwezi kuiona kwa macho. Ndugu wa tumbo moja, wanaolala mkeka mmoja, mmoja anaweza kuwa AS na mwingine AA. Ukiuza chandarua kwa sababu ya yule wa kwanza, umemwacha wa pili bila ulinzi.

Mtoto wa SS ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi. Kuwa na S mbili hakumwongezei kinga. Damu yake ni kidogo tangu mwanzo, na malaria huivunja hata hiyo iliyobaki. Anaweza kufa haraka asipowekewa damu.

Na damu haitengenezwi kiwandani. Makao makuu ya huduma ya damu ya Uganda yako Kampala, kwenye kilima cha Nakasero. Ziko pia benki za damu mikoani, kama Mbarara, Gulu, Arua na Fort Portal. Damu hutolewa bure na watu wa kujitolea, hupimwa, kisha hupelekwa hospitali. Malaria kali unayoizuia nyumbani inaweza kuacha mfuko wa damu kwa mtoto mwingine.

Zoezi la maharage

Weka maharage mawili, jeupe (A) na jekundu (S), katika kikombe cha baba. Fanya vivyo hivyo katika kikombe cha mama. Bila kutazama, toa moja kila kikombe: huyo ni mtoto. Rudisha, rudia mara nyingi. Utaona kwamba wazazi wawili wa AS, kwa kila mimba, wana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata AA, 2 kati ya 4 AS, na 1 kati ya 4 SS. Mtoto wa SS amepokea S kwa baba na kwa mama. Basi baba, usimfukuze mama kwa jambo mlilochangia wote wawili.

Ufanye nini?

1. Wote walale ndani ya chandarua chenye dawa, kila usiku.
2. Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe. Usisubiri degedege.
3. Uliza kituoni kuhusu kipimo cha selimundu, hasa kabla ya ndoa au kama kuna mtoto anayeumwa mifupa mara kwa mara.
4. Mtoto wa SS ahudhurie kliniki na apewe dawa ya kuzuia malaria kama mganga alivyoandika. Homa kwake ni dharura.
5. Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto wadogo Aprili 2025, katika wilaya zenye malaria nyingi. Uliza kama inatolewa kwenye kituo chako. Hata aliyechanjwa alale ndani ya chandarua.

Jipime: Je, mtu wa AS anaweza kuugua malaria? Je, nani kati ya AA, AS na SS anahitaji chandarua? Jadilianeni nyumbani, na mhudumu wa afya akipita mwambieni jibu lenu.