Watu wa Makaa

Katika mji wa Lubumbashi kuna klabu ya mpira inayoitwa Saint-Éloi Lupopo. Wapenzi wake huiita « Cheminots », maana yake wafanyakazi wa reli. Hata mtu ambaye hakufanya kazi ya reli siku moja hujiita hivyo, akiwa mpenzi wa Lupopo.

Mbali sana, ngambo ya bahari kubwa, iko klabu nyingine yenye jina la namna hiyo. Ni Peñarol, klabu ya Montevideo, mji mkuu wa Uruguay katika Amerika ya Kusini. Watu wake huitwa « Carboneros », ni kusema watu wa makaa. Makaa hayo ndiyo makaa ya mawe yaliyowaka ndani ya masini ya gari la moshi.

Zamani zile reli ya Uruguay haikuwa mali ya Wauruguay. Ilikuwa mali ya kompani ya Waingereza. Kompani hiyo ilijenga karakana kubwa katika kijiji cha Peñarol, karibu kilometa 10 toka katikati ya Montevideo. Humo mafundi walitengeneza masini na magari yaliyoharibika. Jina la kijiji lina hadithi yake: mkulima mmoja alikuja kukaa pale, naye alitoka katika mji wa Pinerolo, inchi ya Italia. Watu waliligeuza jina la mji wake katika vinywa vyao, mpaka likawa Peñarol.

Tarehe 28 Septemba 1891 watu wa reli walikusanyika, wakaanzisha chama cha michezo. Walikuwa watu 118: Waingereza 72, Wauruguay 45, na Mjerumani mmoja. Waliandika jina la kompani, kisha neno kriketi. Kriketi ni mchezo wa Waingereza. Mmoja hutupa mpira mdogo mgumu, mwingine huupiga kwa ubao, na pengine siku nzima hupita kabla ya kumalizika. Mchezo kama huo haukuwafaa sana mafundi wenye haraka. Mwaka wa 1892 chama kikaanza mpira wa miguu, na tangu hapo kriketi ilibaki katika jina zaidi kuliko uwanjani.

Rangi za chama zilikuwa nyeusi na njano, rangi za reli. Watu husimulia kwamba zilitoka kwa « Rocket », masini ya Stephenson iliyoshinda masini nyingine kule Uingereza mwaka wa 1829. Masini hiyo kweli ilipakwa njano na nyeusi.

Mwanzoni Waingereza ndio waliotawala mambo ya chama. Lakini mwaka wa 1895 Julio Negrón, Mwuruguay, akawa kapiteni wa wachezaji. Mwaka wa 1900 klabu nne zilianzisha mashindano ya inchi nzima. Chama cha reli kilishinda mwaka ule ule wa kwanza, tena mwaka wa 1901, 1905, 1907 na 1911. Watu wengi wa Montevideo wakakipenda, hata wauza sokoni na wapakuzi wa bandarini. Hao hawakuijua kompani wala wakubwa wake. Walikijua kijiji, wakasema tu: « Twende tukawaone Peñarol. »

Basi hapo shida ikaanza. Kompani ilitaka chama kiwe cha watumishi wake, kiwatulize baada ya kazi. Sasa kimekuwa cha mji mzima. Wapenzi waliojaa katika magari waliyaharibu, na wafanyakazi waliacha kazi kwa ajili ya mchezo. Wakubwa walikasirika, na kweli walikuwa na sababu: gari lililovunjwa lina gharama. Mwaka wa 1913 wapenda mpira walitoa shauri: watu wasio wa kompani wapate nafasi kubwa zaidi katika chama. Kompani ikakataa.

Ingekuwaje sasa? Kama wapenda mpira wangenyamaza, chama kingebaki kidogo, mali ya kompani. Hawakunyamaza. Mwezi wa Desemba 1913 sehemu ya mpira ilijitenga na kompani, na mwezi wa Machi 1914 jina jipya likakubaliwa: Peñarol, jina la kijiji. Rangi hazikubadilika.

Jambo hili lilileta ugomvi usiokwisha. Mpinzani mkubwa wa Peñarol ni klabu ya Nacional, iliyozaliwa mwaka wa 1899. Watu wa Nacional husema: « Ninyi mlizaliwa mwaka wa 1913, basi sisi ni wakubwa wenu. » Watu wa Peñarol hujibu: « Sisi ni wale wale wa 1891, tulibadili jina tu. » Ni kama ndugu wawili wanaogombania nani kati yao ni mzaliwa wa kwanza.

Mlango ulipokuwa wazi, ni nani aliyeingia? Mmoja wao alikuwa Isabelino Gradín, kijana mweusi wa Montevideo, aliyezaliwa mwaka wa 1897 katika ukoo wa watumwa waliotolewa Afrika. Mwaka wa 1916 inchi za Amerika ya Kusini zilishindana mara ya kwanza, katika mji wa Buenos Aires. Uruguay iliishinda Chile kwa magoli 4 kwa 0. Gradín alitia 2, na Piendibene, mwenzake wa Peñarol, alitia 2. Ndipo wakubwa wa mpira wa Chile walipolalamika, eti Uruguay ilichezesha Waafrika wawili, ni kusema Gradín na mwenzake Juan Delgado. Wote wawili walikuwa Wauruguay halisi. Malalamiko hayo hayakufaa kitu. Uruguay ilipata kikombe, na Gradín alipita wote kwa magoli. Tena mwaka wa 1919 kijana huyo huyo alishinda mbio za mita 200 na za mita 400 katika mashindano ya Amerika ya Kusini. Leo ni vigumu kumwona mtu mmoja akiweza yote mawili.

Baadaye alikuja mwingine, Alberto Spencer, mtu mweusi wa Ecuador. Alifika Peñarol mwaka wa 1960, na katika mchezo wa kwanza wa Kikombe cha Libertadores alitia magoli 4. Katika kikombe hicho alitia magoli 54 kwa jumla, na 48 kati yake alikuwa amevaa njano na nyeusi. Alikuwa hodari hasa kwa kichwa.

Mwaka wa 1966 Peñarol ilipigania kikombe hicho na River Plate ya Argentina. Nusu ya mchezo ilipokwisha, River Plate ilikuwa mbele, 2 kwa 0. Peñarol ikasawazisha, Spencer akatia 2, na mwisho, baada ya muda wa kuongeza, ikawa 4 kwa 2. Wachezaji wa River Plate waliporudi kwao, watu wa klabu nyingine waliwarushia kuku uwanjani. Tangu siku ile wapinzani wao huwaita « Kuku ». Mwaka ule ule Peñarol iliishinda pia Real Madrid ya Hispania, 2 kwa 0 Montevideo na 2 kwa 0 Madrid.

Kompani ya Waingereza haiko tena Uruguay. Serikali ilinunua reli mwaka wa 1949, na mwanzo wa mwaka wa 1988 magari ya abiria yalisimamishwa. Klabu haikusimama. Ina mpira wa miguu na mpira wa vikapu, na mwaka wa 2016 ilifungua uwanja wake mpya, wenye nafasi za watu karibu 40.000. Wengi wanaoingia humo hawajashika koleo la makaa maisha yao yote. Nao huimba kwamba wao ni Carboneros.

Maulizo

1. Kwa nini watu wa Peñarol huitwa watu wa makaa?
2. Kompani ilikuwa na sababu gani ya kukasirika? Wapenda mpira walikuwa na sababu gani?
3. Watu wa Chile walilalamika nini juu ya Gradín? Walikosea wapi?
4. Peñarol ilizaliwa mwaka gani? Jibu kama mtu wa Nacional, kisha kama mtu wa Peñarol.